Ukoo wa Maneno: Lugha ya Waelfi Inavyojengwa

Watoto wa pwani walikuwa na mchezo wa maneno unaoitwa kinyume. Unachukua silabi ya mwisho, unaileta mbele: nyumba inakuwa mbanyu, kisima kinakuwa makisi, na mtu mzima anayetega sikio mlangoni anaondoka mikono mitupu. Siri nzuri kabisa. Lakini kinyume si lugha. Mbanyu ni nyumba ile ile iliyovaa kanzu nyuma mbele. Ngeli zake ni zetu, mpangilio wa sentensi ni wetu, na chochote ambacho Kiswahili hakikisemi, kinyume nacho hakikisemi.

Lugha nyingi za kubuni zinazosikika katika michezo ya kuigiza wahusika ni kinyume cha namna hiyo, ila hiki ni kinyume cha Kiingereza. Mchezaji huchukua sentensi ya Kiingereza, akabadilisha neno moja moja kwa sauti tamu tamu zenye l nyingi, akatupia ritifaa mbili tatu katikati, kisha akatangaza kwamba hicho ni Kielfi. Wenzake mezani hufurahi kwa jioni moja. Jioni ya pili hakuna anayekumbuka neno hata moja, pamoja na yeye mwenyewe, kwa kuwa maneno yale hayana mama wala baba. Kila moja lilidondoka peke yake kutoka hewani.

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne au watano huketi kuizunguka meza, kila mmoja amejiundia mhusika wake, shujaa au mchawi au mwizi, na mmoja wao ndiye msimulizi anayewaeleza wamefika wapi na wamekutana na nani. Mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson, Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ndio uliofungua mlango. Mwelfi ni mmoja wa viumbe unaoweza kuwa humo. Asili yake ni ngano za Ulaya ya kaskazini, na mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien akamfanya mrefu, mzuri, asiyekufa kwa uzee. Usimchanganye na jini: hakuumbwa kwa moto, wala hampandi mtu kichwani. Kwenye karatasi ya mhusika huandikwa lugha anazozijua, na Kielfi kimo, lakini kwa kawaida ni neno tu kwenye karatasi. Mchezaji husema “namwambia kwa Kielfi kwamba tumepotea”, kisha mazungumzo yanaendelea kwa lugha ya mezani. Wako wasioridhika na hilo, wanaotaka kukisema kweli. Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayependa kujua lugha inashikamanaje.

Tolkien ndiye wa kuanzia, kwa sababu alifanya kazi hii kwa miaka karibu 60 na karatasi zake zimechapishwa. Alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza akiwa na miaka mitatu. Utotoni binamu zake walikuwa na lugha ya siri iliyoundwa kwa majina ya wanyama; hicho kilikuwa kinyume chao. Kisha akaja kushiriki katika lugha nyingine ya watoto, kisha akabuni ya kwake. Akiwa mwanafunzi Oxford aliangukia kitabu cha sarufi ya Kifini, na baadaye alisimulia kwamba ilikuwa kama mtu aliyegundua ghala zima la mvinyo asioujua. Mwaka 1915 alikuwa tayari anaandika kamusi ya lugha yake, ile ambayo hatimaye iliitwa Quenya. Mwaka 1919 na 1920 aliajiriwa katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, akashughulikia maneno yanayoanza na W, kazi ya kufuatilia neno moja hadi kwa mababu zake. Mwaka 1931 alitoa mhadhara juu ya tabia hii ya kubuni lugha na akaiita, kwa mzaha wa aibu, uovu wa siri. Hadithi zilizompa umaarufu zilikuja baadaye: The Hobbit mwaka 1937, The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba lugha zilitangulia, na hadithi ziliandikwa ili lugha zipate pa kuishi.

Sasa tuangalie alichokuwa akikifanya, maana hapa ndipo wengi wanapopita haraka.

Tolkien hakuanza na orodha ya maneno. Alianza na mizizi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa na daftari refu la mizizi ya Kielfi cha kale, ambalo mwanawe Christopher alilichapisha mwaka 1987. Kila mzizi una maana pana, na chini yake yamepangwa maneno uliyoyazaa. Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Analifanya kila siku bila kujua. Kutoka katika pika tunapata mpishi, mapishi, upishi, pikia, pikika, pikwa, pikiana. Ukimpa mtoto wa miaka mitano kitenzi ambacho hajawahi kukisikia, atakitengenezea mtendaji wake na kauli yake ya kutendwa papo hapo. Huo ndio utajiri ambao kinyume hakina na ambao lugha ya kubuni inapaswa kuuiba kwanza.

Lakini Tolkien aliongeza ngazi moja zaidi. Alisema: Waelfi walikuwa watu wamoja, wakagawanyika. Baadhi walivuka bahari, wengine walibaki. Kwa hiyo mzizi mmoja ulipitia vinywa viwili, kila kinywa kikiwa na mazoea yake, zikatoka lugha mbili. Moja ni Quenya, lugha ya elimu na ibada. Ya pili ni Sindarin, lugha ya nyumbani na barabarani. Mzizi wenye maana ya kusema ulianza na kw. Quenya ikabaki nayo, ikiandikwa qu, ndiyo maana kusema ni quet-. Sindarin ikageuza kw kuwa p, ikapata ped-. Bata-maji ni alqua upande mmoja, alph upande wa pili. Jiwe ni ondo kwa Quenya na gond kwa Sindarin, kwa kuwa Quenya ilitupa g iliyokuwa mwanzoni mwa neno na Sindarin ikaitunza. Mti ni alda huku, galadh kule, kwa sababu hiyo hiyo. Na sasa msomaji wa Tolkien anajua jina la ufalme wa Gondor limetoka wapi: nchi ya mawe.

Anayesoma mashairi ya zamani ya Kiswahili ameshaishi na jambo hili. Kiunguja kinasema njia, njaa, macho. Kiamu na Kimvita vinasema ndia, ndaa, mato. Ukishaona kwamba nj ya Unguja ni nd ya Lamu, na ch ya Unguja mara nyingi ni t ya Mombasa, huhitaji kamusi kwa kila neno. Unakutana na nti kwenye utenzi, unajua ni nchi. Uhusiano wa Quenya na Sindarin ni huo, ila umbali wake ni mkubwa zaidi.

Je, mchezaji wa kawaida, asiye profesa, anaweza kufanya hivyo? Anaweza, na nitaonyesha kwa mfano wa kubuni hapa hapa. Tuseme Waelfi wetu wa pwani wana mizizi miwili: neru, maji, na peko, moto. Tuwape viambishi vitatu vya mwisho: -ane ya mahali, -ur ya mtu, -is ya chombo. Irabu ya mwisho ya mzizi inapisha kiambishi. Basi nerane ni kisima, nerur ni mchota maji, neris ni mtungi. Pekane ni jikoni, pekur ni mpishi, pekis ni kijinga cha moto. Mizizi miwili na viambishi vitatu vimetupa maneno manane, na mchezaji aliyejifunza vitu vitano tu anayajua yote.

Sasa tuwape ndugu zao wa milimani kanuni tatu za sauti. Ya kwanza: p mwanzoni mwa neno inakuwa f. Ya pili: k iliyo katikati ya irabu mbili inalainika kuwa h. Ya tatu: irabu ya mwisho wa neno inaanguka. Pekane inakuwa fehane, kisha fehan. Pekur inakuwa fehur. Nerane inakuwa neran. Na peko? Kwanza feko, kisha feho, kisha feh. Hapa subira inalipa. Ukiiweka kanuni ya tatu kabla ya ya pili, peko inakuwa feko, kisha fek. K sasa haiko tena kati ya irabu mbili, haina kinachoilainisha, na unabaki na fek. Kanuni ni zile zile, utaratibu tofauti, lugha tofauti. Ndiyo sababu anayebuni anapaswa kuziandika kanuni zake kwa mpangilio na kuheshimu mpangilio huo kama mpishi wa pilau anavyoheshimu zamu ya vitunguu na viungo.

Faida yake mezani? Msimulizi anawaeleza wachezaji kwamba wamefika kwenye pango milimani, na juu ya mlango wa jiwe limechongwa neno moja: FEHAN. Mchezaji anayekijua Kielfi cha pwani anatulia, anarudisha f kuwa p, anarudisha h kuwa k, na anatambua pekane. Jikoni. Hakuna hazina humo ndani, kuna masufuria. Au kuna joka, maana nalo lina moto. Kwa hiyo kanuni ya sauti imekuwa fumbo la mchezo, na aliyelifumbua amefumbua kwa akili yake bila kurusha dadu. Sijui njia nyingine ya kuwafanya watu wazima wapende fonolojia.

Uchaguzi wa sauti zenyewe ni kazi fupi, lakini ufanywe mwanzoni, na ufanywe kwa kunyima. Lugha hutambulika zaidi kwa sauti ambazo haina. Katika Quenya, b, d na g hazisimami peke yake. Huja zikiegemea mwenzake, kama mb, nd, ng, ld au rd. Neno kwa kawaida halianzi na rundo la konsonanti, na huishia kwa irabu au kwa konsonanti chache laini kama n, r, s, l na t. Matokeo yake ni maneno kama cirya, lassë, alda, ambayo Mswahili anayatamka bila jasho. Kuna hata mahali tunapowazidi wapenzi wa Tolkien wa Ulaya: kabila la Waelfi wenye elimu, Noldor, zamani lilitamkwa kwa sauti ya kwanza ya ng'ombe. Wasomi wa Ulaya huifanyia mazoezi sauti hiyo mwanzoni mwa neno. Sisi tunakunywa maziwa yake.

Basi, sarufi. Hapa ndipo lugha ya kubuni inapomsaliti mtengenezaji wake, kwa kuwa mtu huona maneno ya lugha yake lakini haioni sarufi yake, kama vile hasikii lafudhi yake mwenyewe.

Chukua neno moja la Kiswahili: nitakiona. Ni, mimi, ta, wakati ujao, ki, kitu chenyewe, ona, tendo. Mwingereza anahitaji maneno manne. Quenya inahitaji moja, nalo linaundwa hivi: cen-, ona, -uva, wakati ujao, -nye, mimi, -s, kitu chenyewe. Cenuvanyes. Soma tena kwa utulivu. Vipande ni vile vile vinne, ila tendo limetangulia na wahusika wamefuata nyuma. Hakuna undugu wowote kati ya lugha hizi mbili. Tolkien alivutwa na Kifini na Kilatini, na lugha nyingi duniani huunganisha vipande kwa mtindo huo. Lakini inamaanisha kwamba Mswahili anayeketi kujifunza Quenya anaanza na mkono mmoja mbele. Hata “baba yangu” ni atarinya, neno moja, na sisi tuna babangu, mwanangu, nduguyo, mumewe.

Tofauti zina manufaa zaidi kuliko mfanano. Miaka ya 1960 Tolkien alimpelekea Dick Plotz, mwanzilishi wa chama cha wapenzi wa Tolkien huko Marekani, jedwali la jinsi nomino za Quenya zinavyobadilika mwishoni, akitumia cirya, yaani meli, na lassë, yaani jani. Meli inayoelekewa ni ciryanna. Inakotokwa ni ciryallo. Mtu alimo ni ciryassë. Kwa Kiswahili tunasema nakwenda melini, natoka melini, nipo melini. Kiambishi chetu -ni hakijali unakwenda au unatoka. Hiyo ni kazi ya kitenzi. Je, Kiswahili ni maskini wa mahali? Hata kidogo. Mezani pana kitabu, nyumbani kuna wageni, mfukoni mna pesa: sisi tunatenganisha mahali palipo wazi na dhahiri, mahali pa jumla, na mahali pa ndani. Quenya inauliza: unaelekea au unatoka? Kiswahili kinauliza: hapo, huko, au ndani?

Hili, kwa maoni yangu, ndilo swali la kwanza la sarufi ambalo mchezaji anapaswa kujiuliza: watu wangu wanalazimika kutofautisha nini kila wanapofungua mdomo? Waelfi wanaoishi miaka elfu kadhaa huenda wana wakati uliopita wa nilichokiona mwenyewe na mwingine wa nilichosimuliwa. Waelfi wa msituni huenda wana kiambishi cha kitu kilicho hai na kingine cha kitu kilichokatwa, hivyo mti na ubao havichangii ngeli. Uamuzi mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko maneno mia mapya, kwa sababu utaonekana katika kila sentensi.

Wingi wa Sindarin unafundisha jambo la ziada. Kilima ni amon, vilima ni emyn. Mwanadamu ni adan, wanadamu ni edain. Anayeanza huona fujo. Fujo hiyo ina historia: hapo kale wingi uliishia na i, ile i ikazivuta irabu za ndani ya neno zifanane nayo, kisha yenyewe ikaanguka. Alama imebaki, aliyeiweka ameondoka. Tolkien aliipenda tabia hii katika Kiwelisi, lugha iliyoipa Sindarin sura yake; na kutoka huko huko akachukua mtindo wa konsonanti kubadilika kwa sababu ya neno lililotangulia, kama mellon, rafiki, inayokuwa i vellon, rafiki yule. Msomaji asishangae sana. Kwa nini wingi wa ulimi ni ndimi? Kwa nini kamba ni ndefu wakati mti ni mrefu, na watu ni wawili lakini nyumba ni mbili? N ilikutana na l au r, ikazaliwa nd; ilikutana na w, ikazaliwa mb. Tunayabeba makovu haya mdomoni kila siku na hatuyaiti magumu kwa sababu tulizaliwa nayo.

Makovu mengine yanatokana na matumizi. Amri ya kuja haikufuata kanuni, ni njoo. Ya kwenda ni nenda. Ya kuleta ni lete. Maneno yanayotumika sana ndiyo yanayochakaa kwa namna yake. Anayebuni akitaka kutia kasoro ili lugha ionekane imeishi, azitie kwenye kuja, kwenda, kula na kuwa, asizitie kwenye neno la upanga wa sherehe linalotamkwa mara moja kwa mwaka.

Baada ya hapo huja tatizo la msamiati unaokosekana. Tolkien aliacha maelfu ya maneno, na bado huwezi kuagiza chakula kwa Kielfi chake bila kukwama. Aliandika anachokipenda: nyota, bahari, miti, nuru, huzuni. Alikuwa na neno la mapambazuko nyota zinapofifia, tindómë, na jingine la machweo, undómë, na mwaka wa Waelfi wake ulikuwa na misimu 6. Hakuna ajabu, sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kwa kitu ambacho Mzungu anakiita kwa jina moja. Msamiati wa watu huwa mnene pale maisha yao yalipo manene. Na kama tuko kwenye mambo ya nyakati, siku ya Waelfi huanza jua linapozama, kama vile mzee wa pwani anavyouita usiku wa kuamkia Ijumaa usiku wa Ijumaa.

Zaidi ya hayo, Tolkien hakuacha kubadilisha. Aliendelea kurekebisha viambishi na mizizi hadi alipofariki mwaka 1973, hivyo “Quenya” ni lugha iliyopigwa picha nyingi, kila picha na mwaka wake. Filamu za Peter Jackson zilipotoka kati ya 2001 na 2003, wahusika walihitaji kuongea kwa ufasaha, na mwanaisimu David Salo akapewa kazi ya kujaza mapengo ya Sindarin. Mwaka 2004 akatoa kitabu kizima cha sarufi yake. Mwenzake Carl Hostetter, mhariri wa jarida la Vinyar Tengwar, alipinga mkondo huo kwa hoja nzito: Tolkien hakuwahi kukusudia lugha kamili ya kuzungumzwa, na kinachosemwa na mashabiki ni lugha mpya iliyovaa jina la zamani. Nakubaliana na Hostetter kuhusu ukweli wa mambo, na nawaunga mkono wanaojaza mapengo kuhusu haki ya kuyajaza. Anayebuni neno aliwekee kinyota kama wanavyofanya wanaisimu, ili mwenzake ajue hili ni la Tolkien na hili ni la jirani. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliyosanifisha Kiswahili, na baadaye BAKITA iliyoundwa 1967, zilikuwa na watu wa kuamua. Kielfi hakina baraza.

Mapengo yanajazwaje, basi? Kiswahili kimeacha somo kamili. Unaweza kunyoosha maana ya neno lililopo: ndege alikuwa wa manyoya kabla hajawa wa chuma. Unaweza kubana maneno: upungufu wa kinga mwilini ukawa ukimwi, chakula cha jioni kikawa chajio. Unaweza kuunganisha, na Waelfi wa Tolkien hupenda sana njia hii: -ndur ni mtumishi, isil ni mwezi, na Isildur ni mtumishi wa mwezi, jina lililojengwa kama Abdalla lilivyojengwa. Na unaweza kukopa, mradi sarufi imeze kilichokopwa. Kitabu kilikuja kutoka Kiarabu bila ngeli yoyote. Kiswahili kikasikia ki- mwanzoni, kikazaa vitabu. Kibao cha Kiingereza cha kumwagiza dereva ashike kushoto kikawa kipilefti, na leo mji una vipilefti. Neno la kigeni likishazaa wingi wa kienyeji limekwisha kuwa raia. Katika Kielfi chako, neno ambalo Waelfi walilikopa kwa mabaharia lipitishwe kwenye kanuni za sauti kama maneno mengine, au lisipitishwe kama walilikopa juzi. Wachezaji makini watapima umri wa urafiki kwa kuangalia hilo.

Kuhusu maandishi sitasema mengi. Herufi nzuri za Tolkien, tengwar, zimepangwa kwa akili, umbo la herufi likionyesha sauti inatokea wapi mdomoni. Lakini nimeona wachezaji wakitumia wiki tatu kuchora herufi za lugha isiyo na kitenzi hata kimoja. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi na kwa herufi za Kirumi baadaye, na kikabaki Kiswahili. Herufi zisubiri.

Kitu kisichopaswa kusubiri ni adabu. Mezani, Kielfi hakitatumika kueleza falsafa. Kitatumika kusalimia, kuapa, kuonya, kubembeleza na kutukana. Quenya ya Tolkien ina kiambishi cha “wewe” wa heshima, -lye, na cha “wewe” wa karibu, -tye. Herufi moja inatosha kuonyesha kwamba wahusika wawili wamegombana tangu kikao kilichopita: jana alimwita -tye, leo anamwita -lye. Anayetoka katika jamii yenye shikamoo na marahaba anajua uzito wa mdogo asiyeamkia. Jiulize Mwelfi wa miaka 900 anaamkiwaje na wa miaka 300, nani huanza, na kimya maana yake nini. Mistari sita ya salamu iliyofikiriwa hivyo itatumika kila kikao, wakati neno la “gugu la mtoni linalochanua usiku” litalala daftarini.

Ukicheza ndani ya ulimwengu wa Tolkien, tumia lugha zake na uzitaje kwa haki. Ukicheza kwingine, usizikope nzima. Jenga ya kwako, ndogo, yenye mizizi 12 hivi, viambishi vichache, kanuni tatu za sauti na swali moja la sarufi ambalo lugha yako ya mama haiulizi. Kwa kipimo changu, hiyo ina uhai kuliko kamusi nono ya maneno yatima.

Nakuachia zoezi la nyumbani. Waelfi wetu wa pwani huliita jiwe poku. Andika ndugu zao wa milimani wanaliitaje. Ukipata foh, umeshaanza kukizungumza. Ukipata fok, kanuni ya tatu imeitangulia ya pili; rudi nyuma uzipange upya.